Wakala anasema "ripoti imepakuliwa", faili halifunguki. Niandikeje maelezo ya zana?

MizaniMoro
Wakuu, habari za jioni. Natengeneza wakala wa AI kwa ajili ya chama chetu cha wakulima hapa Morogoro. Kila Jumatatu achukue ripoti ya PDF ya bei za mazao, atoe bei ya mahindi na mpunga, aniandikie SMS ya kuwatumia wanachama. Zana ya kupakua nimeiandika mwenyewe kwa Python, nikaiunganisha kwa MCP (itifaki ya kuunganisha modeli za AI na zana za nje). Maelezo yake yote ni haya:

`pakua`: "Hupakua faili kutoka kwenye kiungo."

Juzi kaniambia ripoti imepakuliwa, na bei ya mahindi akanipa. Nikashtuka, maana ni ileile ya wiki iliyopita, hadi shilingi ya mwisho. Kuangalia kwenye folda, bei.pdf ipo, kilobaiti 9, haifunguki. Nikaifungua kwa Notepad, mstari wa kwanza ni `<!DOCTYPE html>`, yaani ukurasa wa wavuti. Kumbe kiungo kilishabadilika, tovuti ikaleta ukurasa wa kuomba nywila, zana ikauhifadhi kwa jina la PDF. Ile bei aliitoa kwenye mazungumzo yetu ya nyuma. Nashukuru SMS zilikuwa hazijatoka. Kuna watu wangepakia magunia kwenye fuso kwa kuamini bei hiyo.

Nibadilishe modeli ya AI, au tatizo ni maelezo ya zana?

kijana_wa_seva
Anza na msimbo, mkuu. Seva ilijibu 200 (yaani "ombi limefanikiwa"), zana ikaridhika. Soma baiti za mwanzo: PDF huanza na `%PDF`, xlsx (faili la Excel) huanza na `PK` kwa sababu ndani yake ni zip. Jina la faili lisikudanganye.

BandariniTanga
Modeli iache. Haioni msimbo wako hata mstari mmoja. Inachokiona ni jina la zana, maelezo na vigezo vyake, basi. Umeiambia "hupakua faili". Hukuiambia inarudishiwa nini, wala ifanye nini mambo yakikwama.

Mimi nashughulika na nyaraka za mizigo. Zana yangu ya kwanza ilikuwa inarudisha faili zima kwa base64, yaani limegeuzwa kuwa mfuatano wa herufi. Skani ya megabaiti 6 ikawa megabaiti 8 za herufi, kumbukumbu ya mazungumzo ikajaa kabla wakala hajasoma neno. Nikaibadilisha, ikawa inahifadhi kwenye folda na kurudisha mahali faili lilipo. Lakini maelezo sikuyagusa! Wakala akawa anasubiri yaliyomo, hayaoni, anapakua tena. Nikakuta nakala nne za hati moja. Siku hiyo ndiyo nilielewa kwamba yale maelezo ni sehemu ya programu.

Kwako ningeandika hivi:

`pakua_faili`: "Hupakua faili moja kutoka kwenye kiungo cha https na kulihifadhi kwenye folda ya kazi. Hurudisha mahali lilipo, ukubwa na aina yake halisi. Hairudishi yaliyomo; kuyasoma tumia soma_pdf. Kiungo kiwe cha faili lenyewe. Kama una ukurasa unaoorodhesha mafaili, anza na fungua_ukurasa. Haiwezi kuingia kwenye tovuti zinazotaka nywila. Mwisho megabaiti 50. Ikirudisha kosa, hakuna kilichohifadhiwa: mwambie mtumiaji, usitumie takwimu za zamani."

Ongeza kigezo `aina_inayotarajiwa`, mfano "pdf". Na ujumbe wa kosa uandike kwa uangalifu uleule, kwa sababu wakala anausoma pia: "Nilitarajia PDF, seva imeleta HTML. Huenda ni ukurasa wa kuingia. Tafuta kiungo kipya kwenye ukurasa wa ripoti." Ukimwandikia "Kosa 1" atabahatisha.

nuru_k
Naunga mkono, ila maelezo si kufuli. PDF inaweza kuwa na sentensi ndani yake inayomwagiza wakala apakue kitu kutoka kwingine, naye akatii. Orodha ya tovuti zinazoruhusiwa iweke kwenye msimbo, kisha uitaje kwenye maelezo ili asipoteze muda kujaribu nyingine.

MizaniMoro
Asanteni sana. Nimeandika upya jana usiku, kwa Kiswahili, maana mimi ndiye nitakayeyasoma siku mambo yakiharibika, na modeli ninayotumia inakielewa vizuri. Kisha nikampa kilekile kiungo kibovu makusudi.

Akapata kosa. Akafungua ukurasa wa ripoti, akakuta kiungo kipya, akapakua kilobaiti 412, akasoma. Nikamjaribu mara ya pili nikiwa nimezuia ule ukurasa. Akajibu: "Ripoti ya wiki hii sijaipata, kwa hiyo sina bei ya kukupa." Jibu hilo nimelifurahia kuliko lile la kwanza.

@nuru_k, orodha ya tovuti naiweka leo. SMS zitoke Jumatatu asubuhi, nikishaifungua PDF kwa mkono wangu kwanza.