Chombo changu cha anga kinaonekana kama cha kuchezea watoto. Nitazame nini kwa wachoraji wa kale?

Brashi_Butu: Wakuu, naombeni ushauri. Nachora jalada la hadithi ya kisayansi kwa tableti: chombo cha anga chenye kimo cha mita 80 kimetua kwenye jangwa tambarare, sayari ina hewa. Turubai ni pikseli 4000 kwa 2600, chombo kimechukua pikseli 2000 kwenda juu. Nimekijaza riveti (vichwa vya pini za kuunganisha mabati), mabomba na taa, bado ni kama cha kuchezea watoto. Naambiwa dawa iko kwenye michoro ya zamani ya Ulaya. Nianzie wapi?

Kivuli_Kizito: Kabla ya yote, mstari wa upeo, yaani pale ardhi inapokutana na anga, umekikata chombo wapi?

Brashi_Butu: Katikati, au chini yake kidogo.

Kivuli_Kizito: Basi ugonjwa ni huo. Kwenye ardhi tambarare, upeo hukata kila kitu kwenye kimo cha jicho la mtazamaji. Ukipita katikati ya chombo, ama mtazamaji anaelea mita 40 juu, ama chombo kina mita 3 tu. Macho yatachagua mita 3, maana binadamu amezoea kutazama akiwa amesimama chini. Jicho la mtu aliyesimama liko kama mita 1.6; hiyo ni sehemu moja ya 50 ya mita 80. Gawa pikseli 2000 kwa 50: upeo ukae pikseli 40 juu ya nyayo za chombo. Halafu simamisha mtu mmoja karibu na mguu wake, utosi upite upeo kwa pikseli mbili tatu. Mtazame mchoraji Mjerumani Caspar David Friedrich, picha ya mtawa kando ya bahari (1808–1810): zaidi ya robo tatu ni anga tupu, mtawa ni kama kijiti.

Rangi_Tatu: Napinga kidogo. Upeo wa juu nao unafaa, ila uulipie. Mnara wa Babeli wa Pieter Bruegel Mzee (1563, ule wa Vienna) tunautazama tukiwa juu, na bado unatisha, kwa sababu ametupangia vipimo: vibarua mbele, nyumba za mji, meli bandarini, kisha wingu linalopita mbele ya mnara karibu na kilele. Jicho linapanda kutoka kimoja hadi kingine. Na hizo riveti, mkuu, piga hesabu: pikseli moja kwako ni sentimita 4. Riveti ya pikseli 10 ina upana wa sentimita 40! Zifute, ubakize mistari michache ya maungio ya vibao, tena pale mwanga unapokutana na kivuli.

Ukungu_Mwembamba: Hewa imesahaulika. Leonardo da Vinci aliandika jinsi milima ya mbali inavyofifia na kuchukua rangi ya hewa. Chukua rangi ya anga iliyo karibu na upeo, ipake kwenye tabaka jipya (layer) juu ya mchoro, uzito wake uwe asilimia 10 hadi 15 kwa vitu vya karibu, 40 kwa vya kati, 70 kwa vya mbali. Kosa la kawaida ni kutumia nyeupe. Picha inakuwa kama imemwagiwa maziwa. Kosa la pili ni weusi kamili kila mahali: weusi wa mbali hufifia kwanza, kwa hiyo uweke mbele tu. Na usififishe mbele na nyuma kama lenzi ya kamera isiyolenga vizuri, maana hivyo ndivyo kamera inavyoona kitu kidogo kilichowekwa mezani.

Brashi_Butu: Nimeshusha upeo, tofauti ni kubwa mno. Picha ya pili ni mwezini. Asilimia ni zilezile?

Ukungu_Mwembamba: Sifuri. Hakuna hewa, hakuna kufifia.

Kivuli_Kizito: Huko nenda kwa Caravaggio, mchoraji wa Italia wa mwanga mkali na giza, au Joseph Wright wa Derby, Mwingereza, picha yake ya jaribio la pampu ya hewa (1768): mshumaa umefichwa nyuma ya chombo cha kioo, nyuso zinawaka, chumba kimezama gizani. Punguza picha hiyo hadi upana wa sentimita 8, ifanye nyeusi na nyeupe, uinakili kwa toni nne tu, yaani viwango vinne vya mwanga na giza. Mpango huo wa toni ndio uuhamishie mwezini. Upande wa kivuli usiutie buluu, anga ni jeusi. Mwanga kidogo utatoka ardhini, kwa hiyo upige matumbo ya chombo kutoka chini.

Rangi_Tatu: Ila usahihi nao usikufunge mikono. Chesley Bonestell, mchoraji Mmarekani wa anga za juu, mwaka 1944 alichora sayari ya Zohali ikionekana kutoka Titan, mwezi wake, anga safi la buluu. Leo tunajua Titan imefunikwa na ukungu mzito wa rangi ya chungwa, lakini picha hiyo bado inaigwa.