Tupeane uzoefu: mvua zikikatika, maji ya bwawa la nyumbani mnayapashaje joto?

Mama Zuhura, Entebbe

Habari zenu ndugu zangu. Masika yameisha, jua la Juni limetoka, watoto wanadai kuingia bwawani, lakini ukitia mguu unautoa mbio. Mvua tangu Machi zimeyapoza maji, usiku wa Juni na Julai una baridi, na upepo wa ziwani nao hautulii.

Hapa nyumbani nafundisha wanangu na watoto wa majirani kuogelea. Tunaishi kando ya Ziwa Nyanza (Viktoria), na mtoto asiyejua kuogelea mahali kama hapa ananikosesha usingizi. Tatizo ni kwamba mtoto anayetetemeka hafundishiki. Midomo ikishabadilika rangi, anachowaza ni taulo tu. Asubuhi kipimajoto kinasoma nyuzi 22. Kwa wadogo nataka angalau 27.

Nimeshauriwa kuweka hita ya umeme. Nikapiga hesabu. Bwawa ni mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.25, yaani lita 40,000. Kupandisha lita 1,000 kwa nyuzi moja kunakula yuniti (kilowati-saa) 1.16 za umeme. Kwa nyuzi 5 ni yuniti 232, na yuniti ya nyumbani inazidi shilingi 700. Hiyo ni zaidi ya shilingi 160,000 za Yaka, umeme wetu wa kulipia kabla, kwa kupasha mara moja tu, kabla ya kuhesabu joto linalotoroka usiku.

Mliofanya njia nyingine ikakubali, tafadhali semeni. Nataka kusikia mlichofanya kwa mikono yenu.

Baba Pacha, Muyenga

Dada, kabla hujanunua chochote cha kupasha, funika. Bwawa la nje hupoteza joto lake jingi kwa mvuke, karibu asilimia 70. Chukua bwawa lako hilohilo: maji yakishuka milimita 3 kwa mvuke, zimeondoka lita kama 96, na kila lita imebeba joto la yuniti 0.67 hivi. Ni zaidi ya yuniti 60 zimepaa hewani. Hita yoyote utakayoweka itakuwa inapasha anga la Entebbe.

Mimi nina plastiki ya mapovu, ile ya buluu inayopitisha mwanga, nimeilaza mapovu yakitazama chini. Mchana inaingiza jua, usiku inazuia mvuke. Maji yangu yalipanda nyuzi tatu hadi nne bila kuongeza senti ya umeme, na klorini siku hizi naongeza kidogo kuliko zamani. Ila ukitia klorini nyingi kwa mkupuo, liache bwawa wazi mpaka ishuke, vinginevyo plastiki inakauka na kupasuka upesi.

Kama mfuko haujaruhusu, turubai la lori linafaa usiku. Asubuhi litoe, maana linazuia jua.

Fundi Bomba, Ndeeba

Baba Pacha amesema kweli. Kifuniko kwanza, halafu ndiyo tuzungumze paipu.

Kazi ninayofanya mara nyingi ni ya paipu nyeusi za plastiki juu ya mabati. Maji yanatoka kwenye filta, yanapanda paani, yanazunguka juani, yanarudi bwawani kwa pampu ileile. Eneo la paipu lisipungue nusu ya uso wa bwawa. Kwa Mama Zuhura uso ni mita za mraba 32, kwa hiyo aanze na 16. Akiweza kufikia 32, afadhali zaidi.

Wengi wanazungusha paipu moja ndefu kama nyoka aliyejikunja. Pampu inaelemewa na maji yanapita kwa shida. Mimi naweka paipu nene mbili, moja chini na moja juu, katikati nazipanga nyembamba nyingi sambamba ili maji yagawane njia.

Sasa sikilizeni hapa, maana ndipo ninapoitwa kila mara: "Fundi, mbona maji yanayorudi hayana moto?" Weka mkono kwenye paipu ya kurudi. Ikizidi maji ya bwawa kwa nyuzi 3 hadi 5, mtambo unafanya kazi vizuri sana. Yakirudi yanaunguza, yanapita polepole mno, na joto lile paipu inaligawia upepo badala ya bwawa. Unataka maji mengi yenye joto dogo, siku nzima.

Washa saa tatu asubuhi, zima saa kumi jioni au maji yanayorudi yakiacha kuzidi ya bwawani. Ukiiacha izunguke usiku, paipu zilezile zinageuka za kupoza. Weka na vali ya kuzuia maji kurudi nyuma.

Mwalimu wa Milimani, Kabale

Nyie wa ziwani mna bahati. Huku tuko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, usiku nyuzi 10 ni kawaida, na ukungu wa asubuhi unachelewesha jua. Kwa bwawa dogo la wajukuu nimejengewa jiko la kuni lenye koili, yaani bomba la kupitisha maji lililozungushwa, ya chuma kisichoshika kutu. Msikubali koili ya shaba kama hampimi maji mara kwa mara. Maji yakiwa na asidi yanaila shaba, na madoa ya kijani yanabaki ukutani. Kuni ni za mikaratusi yangu mwenyewe, kavu kabisa. Za kununua sishauri, zinakula pesa na kumaliza miti.

Bi Mwajuma, Jinja

Upepo jamani! Sisi tulipanda ua mnene upande wa ziwa, kabla haujakua tukasimamisha uzio wa mianzi. Uso wa maji ukitulia, mvuke unapungua. Rahisi kuliko vyote vilivyotajwa.

Mama Zuhura

Mungu awabariki. Mianzi naianza Jumamosi, kifuniko mwisho wa mwezi. Baba Pacha, watoto wakiingia naweza kukikunja nusu tu?

Baba Pacha

Hapana dada, usithubutu. Kitoe chote. Mtoto akiingia chini yake hapati pa kutokea, na wewe uliye juu humwoni. Na mvua ikiacha dimbwi juu ya turubai, likaushe kwanza; hata maji yale machache ni hatari kwa mdogo.

Mama Zuhura

Nimekuelewa. Fundi, paa la gereji linatazama magharibi, lafaa?

Fundi Bomba

Linafaa. Huku ikweta, paa likiwa na mteremko mdogo, mashariki na magharibi hazipishani sana, mradi mwembe usitie kivuli. Pima urefu na upana wa paa, na kimo chake kutoka pampu ilipo, uniwekee hapa nikupigie hesabu ya paipu.