Mrejesho: mimea ya tangi la samaki la lita 40

Wakuu, miezi 3 iliyopita niliuliza mimea isiyosumbua kwa tangi la lita 40, taa hafifu, bila mtungi wa gesi ya kaboni dioksidi ya kukuzia mimea. Asanteni sana, mmenisaidia mno.

Miche ya anubiasi na kangaga la Java niliifunga kwa uzi kwenye kipande cha mti, shina nene likibaki juu ya changarawe kama mlivyosisitiza. Inatoa majani mapya, polepole lakini bila kukoma. Mmoja niliokuwa nimeufukia kabla ya kuwasoma ulioza. Mimea mingine, kriptokorini, ilipukutisha majani yote wiki ya pili. Aliyenisihi nisiing'oe mizizi alikuwa sahihi kabisa, imechipua upya! Mimea ya valisineria ilikufa yote. Mwani ulipungua nilipoanza kuwasha taa kwa muda wa saa 7 tu kwa siku badala ya saa 11.