Vitonge vya tende na karanga vinasambaratika, nakosea wapi?

Mama Wawili, Uyole

Habarini za jioni wapendwa, poleni na baridi. Mi niko Uyole hapa Mbeya, naomba msaada kwa wenye uzoefu. Mume wangu ni dereva wa malori, Dar kwenda Tunduma na kuvuka mpaka wa Zambia, na mnajua foleni ya Tunduma inavokuwaga, mtu analala pale siku mbili tatu, chakula chenyewe chipsi na soda, akirudi nyumbani ni kiungulia na uchovu tu. Nikaamua nimtengenezee vile vitonge vya tende na karanga ambavyo havipikwi wala haviokwi, unasaga unafinyanga unaweka kwenye kopo basi. Na watoto nao wabebe shule kwa ajili ya saa nne, mmoja ana miaka 9 mwingine 3.

Nimejaribu mara mbili. Mara ya kwanza nilinunua tende nusu kilo pale Mwanjelwa, zile kavu kavu za kupima, nikaziloweka usiku kucha, asubuhi nikazitia kwenye blenda na karanga, ikawa uji kabisa. Nikaongeza oti mpaka ikashikana nikafinyanga. Siku ya nne nafungua kopo naona utando mweupe na harufu kama ya pombe, nikamwaga vyote, roho iliniuma maana tende bei sio rahisi. Mara ya pili nikaogopa maji, sikuloweka kabisa, nikaweka asali nyingi ndo ishike. Jioni vilikaa vizuri, asubuhi nashika kimoja kinamomonyoka mkononi kama udongo mkavu, na asali yenyewe imeganda punje punje. Blenda nayo ilitoa harufu ya kuungua nikaizima haraka. Sasa je niongeze asali? Ninunue mashine nyingine? Na vinaweza kukaa siku ngapi ndani ya gari bila friji? Anaondoka Jumatatu.

Mnyalukolo wa Kihesa

Kamwene dada. Mi ni mwaka wa tatu navitengeneza Iringa hapa, nawauzia wanachuo na watu wa maofisini, na hayo yote mawili yalishanipata. Tatizo lako ni maji, mara ya kwanza yalizidi, mara ya pili tende hazikulainika kabisa. Shika hili moja, gundi ya kitonge ni tende, asali ni ladha tu. Tende ikipondwa vizuri inakuwa nzito inavutika kama lami, hiyo ndo inabeba karanga. Asali kwa baridi yetu hii ya mwezi wa saba inaganda, ikishaganda inaachia, ndo maana jioni vilikaa asubuhi vikamomonyoka.

Fanya hivi. Tende toa kokwa, na kila moja ipasue uangalie ndani, kuna zingine zina wadudu au ungaunga mweusi, tupa hizo. Halafu usiloweke. Chukua bakuli la bati weka tende, kalishia juu ya sufuria ya maji yanayochemka, bakuli lisiguse maji, funika, dakika kama 6 hivi zinalainika kwa joto lenyewe bila kunywa maji. Kama ni zile ngumu kabisa kama kokoto ndo unamwagia maji ya moto dakika 10 tu, unachuja, unazitandaza kwenye kitambaa safi unazikanda kanda mpaka kitambaa kibaki kikavu. Ule utando na harufu ya pombe uliyoiona ni kwamba tende zilibaki na maji mengi, sukari ya tende ikikutana na maji inaanza kuchachuka yenyewe, hapo hamna cha kuokoa, ulifanya vizuri kumwaga.

Karanga kaanga kwa moto mdogo huku unakoroga, halafu ZIPOE KABISA kabla hujazigusa. Watu wengi wana haraka wanazisaga za moto, zinatoa mvuke na mafuta, mchanganyiko unakuwa na majimaji. Zikipoa zifikiche, pepeta maganda kwenye ungo.

Kuhusu mashine usinunue, una kinu? Kinu kile cha kutwangia karanga za mboga kinatosha na kwangu ndo nilianzia hapo. Twanga karanga kwanza, ziache na chenga chenga, ukizidisha zinakuwa siagi. Zitoe pembeni. Ndo unatwanga tende peke yake mpaka inakuwa bonge moja linalong'ang'ania mchi, utasikia hata sauti inabadilika, kutoka tak tak inakuwa pwa pwa. Hapo rudisha karanga, oti, ufuta uliokaangwa, chumvi kidogo sana, malizia kukanda kwa mkono. Vipimo vyangu ni vikombe 2 vya tende, 2 vya karanga, 1 cha oti, nusu ya ufuta, na asali kijiko kimoja nikitaka. Vinatoka kama 30 vya saizi ya ndimu ndogo. Kupima kama imekubali, bonyeza kitonge kwa nguvu kiganjani, kidondoshe mezani toka usawa wa shubiri moja, kikipasuka ongeza tende mbili tatu zilizopondwa, kikinata mkononi ongeza oti au ufuta. Usiongeze asali wala maji!

Blenda kama lazima, tia kidogo kidogo, bonyeza achia bonyeza achia. Ukijaza tende kisu kinakwama mota inalemewa inapata moto, ndo ile harufu.

Gari nalo usilinganishe na kabati la Uyole. Huko juu vinakaa hata wiki na nusu, lakini akishashuka mlima wa Kitonga anaingia Ruaha mpaka Mikumi humo ndani ya kebini ni joto. Mi nisingempa vya zaidi ya siku 5. Mgawie kwenye vikopo viwili vidogo, akifungua kimoja kingine kibaki kimefungwa.

Mwana Rungwe

Nakazia hapo kwenye kinu. Mimi nipo Tukuyu, huku karanga nachanganya na makadamia, kuna mashamba mengi sasa hivi Rungwe na zile zilizovunjika vunjika unaweza kupata bei nafuu ukiwa na mtu. Makadamia ina mafuta mengi kwaiyo punguza, robo tu ya karanga, la sivyo vitonge vinateleza.

Tende zikipanda bei kuna ndizi kavu. Sio ndizi mbivu ya kuponda mbichi hapana, hiyo siku ya pili imeshakuwa nyeusi na inachacha, namaanisha ndizi mbivu iliyokaushwa. Unakata vipande vyembamba kama sarafu mbili zilizopangwa, unavipitisha kwenye maji ya ndimu, unaanika. Shida ya kwetu ni mvua, Tukuyu unaanika asubuhi saa tano imeshanyesha, mpaka tulipotengeneza kaushio la mbao na nailoni nyeupe ndo tukaanza kupata. Nyie Uyole kwa jua la mwezi wa nane na upepo ule mnakausha siku tatu nne tu, funika na chandarua nzi wasitue. Ikikauka vizuri inakunjika haivunjiki, rangi kahawia, tamu kuliko hata tende. Nusu tende nusu ndizi kavu inashika safi.

Ukipata kakao ya Kyela, ile iliyochachushwa na kukaushwa, kaanga punje, menya, twanga, kijiko kimoja tu kwenye mchanganyiko. Harufu yake we acha tu.

Nesi Mafinga

Jamani naomba niongezee upande wa afya maana nimeona mtoto wa miaka 3 ametajwa. Dada, huyo mdogo usimpe kitonge chenye chenga za karanga. Watoto chini ya miaka 5 wanapaliwa na karanga, ikiingia njia ya hewa ni dharura, nimeshamshika mtoto wa hivo mikononi na sitaki mzazi mwingine apitie. Cha kwake twanga mpaka laini kabisa, fanya kibapa sio mpira, akae chini anapokula, asikimbie nacho. Na kwa wasomaji wengine, mtoto chini ya mwaka mmoja asali hapewi kabisa, hata ya kulamba. Kama mtoto hajawahi kula karanga mpe kidogo sana kwanza umwangalie, akivimba midomo au akatoka vipele mpeleke kituo cha afya.

La pili ni sumukuvu, ile sumu inayotokana na ukungu. Karanga zilizosinyaa, zilizobadilika rangi, zenye ukungu au uchungu, tupa usiwape hata kuku. Kukaanga hakuiondoi. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara watu walifariki kwa mahindi yenye sumukuvu, na karanga nazo zinashikwa na ukungu huo huo. Mi nanunua karanga zenye maganda nabangua mwenyewe, inachosha mikono lakini naona ninachokula.

Na tusidanganyane kwamba havina sukari. Tende zaidi ya nusu ya uzito wake ni sukari, kwa dereva anayekaa kwenye usukani siku nzima viwili au vitatu vinatosha, anywe na maji. Mwenye kisukari aulize kwanza kliniki yake.

Fundi Soweto

Oti bei yake kwetu sisi ni kubwa, mi niliweka unga wa lishe badala yake, niliukoroga hivo hivo mbichi, nyumba nzima tuliumwa tumbo. Kuna mbadala?

Mnyalukolo wa Kihesa

Pole sana kaka. Unga mbichi hauliwi, ni nafaka ambayo haijapita motoni. Oti za pakiti zinafaa kwa sababu zimeshapitishwa kwenye mvuke kiwandani. Chukua unga wa ulezi mtupu, kaanga mkavu kwenye sufuria nzito bila mafuta, moto mdogo, koroga bila kuacha dakika 10 mpaka 15, utaona umegeuka rangi kidogo na unanukia kama biskuti. Upoe, weka nusu kikombe tu maana unakausha sana.

Na asali kuganda, dada Uyole, sio kwamba walikuuzia iliyochakachuliwa. Asali halisi inaganda kwenye baridi. Kalisha chupa kwenye maji ya vuguvugu ambayo kidole kinavumilia, itayeyuka yenyewe, usiichemshe.

Mama Wawili, Uyole

Wapendwa nimerudi na majibu. Ijumaa nilifanya kama mlivoelekeza, tende za mvuke, kinu cha mama mkwe, karanga nilizoacha zipoe toka mchana. Ile sauti ya pwa pwa kweli nimeisikia! Nilipata 28, kimoja kilipasuka kwenye kudondosha nikaongeza tende mbili, baada ya hapo hakuna kilichovunjika tena. Vya mdogo nimetwanga mpaka laini nikavifanya vibapa, nesi ubarikiwe sana, hilo sikulijua kabisa na nilishampa vile vya kwanza.

Baba yao kaondoka Jumatatu alfajiri na vikopo viwili. Jana Jumatano kanipigia yuko kwenye foleni, anasema kopo la kwanza limeisha, ila vichache vya chini vilikuwa vimeshikana kwa joto la Mikumi, akavitenganisha kwa kisu. Utingo wake kala vinne, anauliza kama nauza.

Mnyalukolo, vya chini visishikane unatumia nini, karatasi au unavizungushia ufuta kwa nje?

Mnyalukolo wa Kihesa

Vyote dada. Vizungushe kwenye ufuta au nazi kavu iliyokunwa vikiwa bado vinanata, panga safu moja, karatasi ya kuokea, safu nyingine, na kopo lisizidi safu tatu. Ukitaka kuuza kweli anza kupita ofisi ya SIDO Mbeya, wale wa viwanda vidogo, wakuelekeze mambo ya TBS, yaani shirika la viwango, mapema, usisubiri wateja wawe wengi. Huyo utingo mwambie vipo, vya kwake weka kwenye kopo lake.