Naomba ushauri: chokaa katika shamba la kukodi, nani alipe?

Ndugu wanajamii, ninalima mahindi katika shamba la kukodi kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, na vipimo vya udongo vimeonyesha pH (kipimo cha tindikali; ikiwa ndogo, tindikali ni nyingi) ya 4.9, kiwango ambacho alumini hudumaza mizizi na fosforasi ya mbolea hushikwa na udongo kabla mmea haujaifikia. Chokaa itarekebisha hali hiyo, lakini huchukua miezi kadhaa kufanya kazi na manufaa yake hudumu misimu mingi, ilhali gharama yote hulipwa mwanzoni. Nikiondolewa mwakani, atakayefaidika ni mwingine. Kuendelea kumwaga mbolea ya yurea, ambayo nayo huongeza tindikali, naona ni kutupa fedha. Je, nidai mkataba mrefu, au gharama ikatwe kwenye kodi? Waliowahi kuandikishana na mwenye shamba, kifungu hicho mlikiandikaje?