Jani la parachichi linaweza kuthibitisha kuwa ni Hass?

MamaKitalu_Tukuyu
Wakuu, heshima kwenu. Nina kitalu cha parachichi huku Rungwe. Vikonyo (vijiti vya kubebesha juu ya mche mwingine) natoa kwenye miti ya jirani, naye alinunua akiambiwa ni Hass. Sasa kuna mnunuzi wa Njombe anataka miche mingi, ila anadai karatasi ya maabara kwanza. Tunda la Hass nalijua, likiiva linakuwa jeusi, la Fuerte linabaki kijani. Lakini huu mche wa juzi nimuonyeshe tunda gani? Maabara wanaweza kujua kwa jani tu? Nichume kwenye mche wowote? Friji sina.

Pipeti
Shikamoo mama. Wanaweza. Hass zote duniani chanzo chake ni mti mmoja wa Rudolph Hass kule California, aliyeupatia hataza mwaka 1935. Tangu hapo ni kubebesha tu, kwa hiyo vinasaba ni vilevile. Kipimo kinachofaa ni mikrosatelaiti: sehemu za DNA ambapo herufi chache zinajirudia-rudia, na idadi ya marudio hutofautiana kati ya aina na aina. Sehemu hizo zinazalishwa kwa PCR (njia ya kunakili DNA mara nyingi), zinapimwa urefu, kisha zinalinganishwa na Hass inayojulikana. Sehemu moja kama hiyo, yaani alama moja, haitoshi, maana aina mbili huweza kufanana hapo kwa bahati tu. Wapime kadhaa.

Ila mama, jani litoke JUU ya pale ulipobebesha! Chini ni mche wa mbegu, una vinasaba vyake. Ukichuma chipukizi la chini utaambiwa si Hass, na biashara imekufa bure.

Wala usipime miche yote, utafilisika. Pima miti mama ya jirani, mti kwa mti. Majani machanga, weka kwenye mfuko wenye silika jeli nyingi (punje zinazofyonza unyevu) yakauke upesi. Friji ya nini.

Mbeba_Vikonyo
Na kama jirani aliuziwa miche iliyooteshwa kwa mbegu ya Hass?

Pipeti
Itaonekana, mkuu. Mtoto wa Hass katika kila alama ana nakala moja ya mama, nyingine ya baba. Hass yenyewe lazima ilingane zote mbili. Tatizo ni kwamba tofauti huweza kuwa herufi mbili tu, na geli ya agarosi, njia ya kawaida ya kupima urefu wa DNA, haizitenganishi. Waulize kama wana mashine ya kapilari, inayopima urefu kwa usahihi zaidi, au angalau geli ya poliakrilamidi. Waulize pia wanatoaje DNA, maana jani la parachichi lina ute na polifenoli (kemikali za mmea) zinazozuia PCR. Wakitaja CTAB na PVP, dawa za kuondoa uchafu huo, hao wanajua kazi.

MamaKitalu_Tukuyu
Ndaga fijo, mwanangu. Silika jeli ndiyo vile vipakiti vya kwenye maboksi ya viatu?

Pipeti
Ndiyo hiyohiyo, ila vile ni vidogo na pengine vimeshashiba unyevu. Tafuta ya punje zinazobadilika rangi. Zikibadilika kabla jani halijawa la kuvunjika mkononi, weka nyingine.