Anayenyonyoa njiwa juu ya nguzo, Majengo

Wadau, karibu na Soko la Majengo, Dodoma, kuna ndege hula njiwa juu ya nguzo ya umeme. Ni mwewe au kipanga?

— Mkuu, tazama mkia. Wa mwewe una panda, naye hupenda kula akiruka, chakula kikiwa kwenye kucha. Kipanga hukaa, ananyonyoa kifua kwanza. Ana kijino pembeni mwa mdomo cha kuvunjia shingo.

— Naongezea: simama mita 40 hivi, jua likiwa mgongoni. Ukimsogelea ataacha windo, na kuwinda upya kunamchosha. Akiondoka kagua manyoya: yenye shina zima yamenyonyolewa na ndege, yaliyokatwa shina ni kazi ya paka. Vaa glavu tafadhali.

— Asanteni. Mkia hauna panda.

— Basi si mwewe.